Dhana potofu kuhusu somo la Uraia na ukweli wake

Dhana: Uraia ni siasa, na mwalimu mwenye busara hulipita somo hilo juujuu.

Ukweli: Hofu hii ina chanzo chake. Enzi za chama kimoja, shule za Tanzania zilifundisha somo la Siasa, lililobeba itikadi ya chama tawala. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, nafasi yake ilichukuliwa na Uraia. Mwalimu wa Uraia hamchagulii mwanafunzi chama, bali humzoesha kupima hoja za vyama vyote, hata kile ambacho wazazi wake wanakipenda.

Dhana: Demokrasia ni kupiga kura, hivyo mtoto asubiri atimize miaka 18.

Ukweli: Ni kweli kwamba Ibara ya 5 ya Katiba inataja umri huo kwa ajili ya kura. Hata hivyo, kijana wa kijijini anapoutimiza huwa pia mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na ambao bila idhini yake, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi. Kijana ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu akahoji taarifa ya mapato na matumizi, wala kumsikiliza anayempinga mpaka amalize, atanyamaza siku eneo la malisho linapogawiwa, na muhtasari utaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Ujasiri huo hauji wenyewe siku ya kuzaliwa. Unahitaji miaka ya mazoezi darasani.

Dhana: Aliyefaulu mtihani wa Uraia yuko tayari kushiriki demokrasia.

Ukweli: Kutaja Serikali, Bunge na Mahakama ni mwanzo tu.

Dhana: Wanafunzi wakipewa sauti, nidhamu itavunjika.

Ukweli: Hapa ndipo ninapoona tunajidhuru zaidi. Pale ambapo viranja huteuliwa na walimu, na baraza la wanafunzi hukusanywa kusikiliza matangazo tu, watoto hujifunza kwamba kikao ni mahali pa kupokea maagizo. Mkuu wa shule anayewaeleza wanafunzi, kwa hesabu zilizo wazi, kwa nini ombi lao la tangi la maji halitawezekana muhula huu, hapotezi mamlaka yake, na wanafunzi hao watakwenda mkutano wa kijiji wakijua kwamba maelezo kama hayo ni haki yao.