Kutolewa maji ya mgongo hakuui

"Daktari, akichomwa mgongo tu, huyo hatumpati tena." Huyo ni shangazi au kaka mkubwa anayekataa kusaini, na mgonjwa kitandani kashika kichwa kwa mikono miwili. Nimechoka kuisikia kauli hii, kwa sababu inatupotezea watu.

Ni kweli wamewaona waliochomwa wakafa. Lakini wengi wao waliletwa wameshaanza kuona vitu viwili viwili, hawatambui watoto wao. Kilichowaua ni kriptokokasi, fangasi anayeshambulia ubongo wa mwenye VVU kinga yake ikishuka, na mgandamizo ndani ya kichwa. Sindano huingia usawa wa kiuno, chini ya pingili ya 3 au ya 4 ya kiuno, wakati ugwe wa mgongo unaishia pingili ya 1 au ya 2. Hofu ya kupooza inatoka wapi?

Tena kuyatoa maji hayo ni tiba. Katika utafiti wa Uganda na Afrika Kusini uliochapishwa 2014, waliotolewa maji kupunguza mgandamizo walikuwa na hatari ya kufa siku za mwanzo iliyo chini kwa asilimia 69.

Na kufika hatua hiyo ya kuzidiwa si lazima. CD4, yaani chembe za kinga, zikiwa chini ya 200, damu ipimwe antijeni ya kriptokokasi (alama ya fangasi huyo), kwani huonekana wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Ikionekana, mgongo upimwe hata kama unajisikia mzima. Maji yakiwa hayana fangasi, fluconazole ya dozi kubwa inazuia fangasi asipande kichwani. Ukikataa sindano, tunatibu kwa kubahatisha.

"Nameza septrin, nimejikinga." Septrin inazuia toksoplazma, kimelea kingine kinachoshambulia ubongo, kriptokokasi haiigusi.

"Fukuza paka." Ni kweli kinyesi cha paka kinaweza kubeba toksoplazma, lakini mwacheni paka wenu. Mara nyingi toksoplazma ya ubongo ni vimelea vya zamani vilivyoamka kinga iliposhuka. Pika nyama iive, nawa mikono ukishika udongo au kinyesi chake.

"Niliacha ARV, kichwa kikiuma nazirudia mwenyewe." Usifanye hivyo! Kama ni kriptokokasi ya ubongo, kuanza ARV mapema kunaongeza vifo. Tunatibu fangasi kwanza, ARV zinafuata baada ya wiki 4 hadi 6. Njoo na kichwa hicho leo.

Na ukirudi CTC, kliniki ya VVU, baada ya kuacha dawa, usiridhike na kipimo cha wingi wa virusi peke yake. Dai na CD4.