Kaliba ya bastola ya kiunoni: yanayosemwa Kampala na ukweli wake

Anayepewa kibali cha bastola Uganda anapewa kwa silaha maalum, yenye namba yake kwenye cheti. Hakuna kubeba hii wiki hii na nyingine mwezi ujao. Ukishauriwa vibaya kuhusu kaliba, yaani kipenyo cha risasi, kosa hilo utalibeba kiunoni miaka, na washauri wabaya hawajawahi kuadimika.

"Kaliba kubwa inamrusha mtu."

Hairushi mtu. Risasi ya .45 ACP, mojawapo ya kaliba kubwa za bastola, ina uzito wa gramu 15 hivi na hutoka mtutuni kwa mita 255 hivi kwa sekunde. Piga hesabu kwa mtu wa kilo 70: msukumo wote huo ukimwingia, atasogea kwa sentimita tano na nusu kwa sekunde. Ingekuwa inamwangusha anayepigwa, ingemwangusha na anayefyatua, kwa sababu msukumo uleule humrudia mkononi.

Risasi ya bastola huharibu kile inachokigusa, basi. Ikigusa ubongo au uti wa mgongo wa juu, mtu huanguka papo hapo. Kwingineko kote unasubiri damu ipungue, na hata moyo ukitobolewa, ubongo hubaki na oksijeni ya sekunde 10 hadi 15. Muda huo unatosha mtu kufanya mengi. Kwa hiyo maswali yenye maana ni mawili: utapiga unapolenga? Na risasi itafika ndani ya kutosha?

Swali la pili lina historia. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, Marekani, risasi ya 9 mm ya FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, ilipita mkononi mwa jambazi, ikaingia kifuani na kusimama kabla ya kuufikia moyo. Aliendelea kupigana, na maafisa wawili wa FBI waliuawa siku hiyo. Shirika likaitupia lawama kaliba, likaenda 10 mm, kisha .40 S&W iliyotoka 1990. Jambo la maana zaidi lililobaki ni kipimo: kwenye jeli maalum inayoiga nyama ya mwili, risasi ipenye sentimita 30 hadi 46. Mwaka 2014 FBI ilitoa hoja za kurudi 9 mm, kwa kuwa risasi za kisasa za kaliba hiyo zilikuwa zinatimiza kipimo, zina teke dogo (msukumo unaorudi mkononi), na magazini, kasha la risasi, inabeba nyingi. Kipenyo hakikuwa kimeongezeka hata kidogo. Kilichoboreshwa ni muundo wa kichwa cha risasi.

"9 mm ni 9 mm."

Hapa ndipo watu hujiumiza. Ziko tatu zinazochanganywa: 9x17, 9x18 na 9x19. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Ya 9x17 huandikwa pia .380 Auto, 9 mm Kurz au 9 mm Short. Ya 9x18 ni ya Makarov, na licha ya jina, kichwa chake kina kipenyo cha 9.27 mm. Ya 9x19 ndiyo Luger au Parabellum, yenye kichwa cha 9.02 mm hivi, na ndiyo bastola nyingi za kisasa hutumia.

Ukitia 9x17 kwenye bastola ya 9x19, ganda fupi huzama ndani ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu linaloshika risasi. Linaweza kushikiliwa na ndoano ya kutolea maganda na bado likalipuka, lakini slaidi, sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma kila ukifyatua, haitarudi vizuri na ganda linaweza kupasuka. Ukitia 9x19 kwenye Makarov, slaidi haifungi. Usiigonge ifunge. Geuza risasi, soma maandishi yaliyozunguka fataki (kile kinachowasha baruti) kwenye kitako cha ganda, kisha soma yaliyochongwa kwenye mtutu. Yasipofanana, rudisha boksi dukani, hata muuzaji akikuambia "hiyo ni ileile, bosi".

"Mwanamke au mgeni apewe bastola ndogo ya kaliba ndogo."

Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Bastola nyingi ndogo za .380 za muundo wa zamani, kama Walther PPK, hazina mtutu unaojifunga na slaidi. Kinachozuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi tu, kwa hiyo springi hufanywa ngumu, na mwenye vidole dhaifu anashindwa kuivuta. Tena chuma chepesi hupiga teke kali. Bastola ya 9x19 ya ukubwa wa kati, ya gramu 600 bila risasi, mara nyingi ni rahisi zaidi kuvuta na kutuliza. Mpe aishike na kuivuta kabla ya kulipa.

Kipimo cha haraka kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa: mita 7, karatasi ya A4, risasi tano ndani ya sekunde tano. Zikitoka nje ya karatasi, kaliba hiyo kwenye bastola hiyo haikufai kwa sasa, hata iwe na sifa gani.

Na kaliba ndogo ya .22? Fataki yake imo kwenye ukingo wa ganda, na huzingua mara nyingi kuliko fataki ya katikati. Nzuri kwa mazoezi.

"Inayopenya sana ndiyo bora."

Risasi ya 9 mm iliyofunikwa shaba yote hupenya zaidi ya sentimita 60 za jeli, yaani hupita mtu na kuendelea na safari. Kwenye mizigo, vile vyumba vya kupanga vya Kisenyi au Katwe, mabati na mbao haviisimamishi, na nyuma yake kuna familia. Yenye tundu kichwani hupanuka na kusimama mapema, ila kwenye .380 mara nyingi haipanuki, au hupanuka ikakwama kabla ya sentimita 30. Kama dukani zipo zilizofunikwa tu, pima bastola yako kwa hizo, na jizoeze kuangalia kilicho nyuma ya unachokilenga.

"Risasi ya chemba haichakai, iache ileile."

Anayeitoa risasi kila jioni na kuirudisha ileile asubuhi huigonga kichwa kwenye njia ya kuingilia chemba. Kichwa huzama ndani ya ganda kidogo kidogo, nafasi ya baruti hupungua, shinikizo hupanda. Kaliba ya .40 S&W ina sifa mbaya hapa. Isimamishe kando ya risasi mpya kutoka boksi lilelile. Ikiwa fupi kwa kuonekana kwa jicho, usiifyatue. Badilisha zamu ya risasi za juu kwenye magazini, na usizipulizie mafuta, maana mafuta huua fataki.

"Nitabadili mtutu baadaye nipate kaliba nyingine."

Kuna bastola za .40 zinazokubali mtutu wa 9 mm, na fundi atakuambia ni kazi ya dakika moja. Ni kweli kwa chuma. Lakini mwaka 2018 Rais Museveni aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za utambuzi, na alama zinazobaki kwenye risasi hutoka kwenye mtutu. Mtutu mpya huacha alama nyingine, na kaliba yake si ile iliyo kwenye cheti. Nenda kwanza kwa polisi wanaotoa leseni, ukiwa na maombi ya maandishi, kabla hujamlipa fundi.