Probayotiki na bakteria sugu wa utumbo: maswali tunayoulizwa Mtwara

Probayotiki ni nini?
Ni bakteria au hamira hai, kwa mfano wale wa jamii ya Lactobacillus, wanaomezwa kwa ajili ya afya. Mtindi nao una bakteria wa uchachu, lakini hilo halimaanishi kuwa ni dawa.

Je, zitaondoa bakteria sugu (wasiouawa na baadhi ya antibayotiki) walioko utumboni mwangu?
Hapana. Tafiti zilizopo hazijathibitisha hivyo, na mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka 2019 haupendekezi hata kujaribu kuwaondoa kwa dawa kama utaratibu wa kawaida. Antibayotiki huua bakteria wapole wa utumbo na kuwaachia sugu nafasi. Ukiacha tabia ya kumeza antibayotiki bila sababu, wapole hurejea, na mara nyingi sugu hupungua wenyewe baada ya miezi kadhaa, ingawa kwa wengine hukaa zaidi ya mwaka.

Basi nisubiri tu?
Kama huumwi, ndiyo, isipokuwa mjamzito aliyekutwa na bakteria kwenye mkojo, ambaye hutibiwa hata asipohisi chochote. Kama unaumwa, usisubiri.

Nina homa na mkojo unachoma, lakini nimeanza mtindi. Niendelee kwanza?
Usiendelee kusubiri, nenda kituo cha afya leo. Kila msimu wa korosho tunawapokea kina mama kutoka mashambani walionunua vidonge vichache vya antibayotiki ya siprofloksasini dukani, wakaviacha walipopata nafuu, maumivu yaliporudi wakanywa mtindi wiki nzima, na sasa wanatetemeka, wanatapika na kushika ubavu, kwa kuwa maambukizi yameshapanda kwenye figo na yanaweza kuingia kwenye damu. Tunasema tena, kwa heshima zote: homa pamoja na maumivu ya ubavu haitibiwi kwa mtindi. Omba kipimo cha kuotesha mkojo, ambacho ndicho huonyesha dawa inayofaa, na sampuli itolewe kabla ya kumeza antibayotiki yoyote, mradi matibabu yasicheleweshwe.

Probayotiki zina madhara?
Kwa mtu mwenye afya, mara chache. Kwa mgonjwa mahututi, mwenye kinga dhaifu au mtoto njiti, zinaweza kuingia kwenye damu. Usimpe bila ushauri wa daktari.

Vidonge vya antibayotiki vilivyobaki nyumbani nimpe jirani?
Hapana, hata kama dalili zake zinafanana na zako. Virudishe kwa mfamasia, na jirani umsindikize zahanati.