Roland Garros hakuwa bingwa wa tenisi, na ile bunduki haikuwa mnavyodhani

Kila mwisho wa Mei, mashindano ya tenisi ya Paris yaitwayo Roland Garros yakianza, lazima nitumiwe ule ujumbe: "Kumbe Roland Garros alikuwa bingwa wa tenisi, halafu akawa rubani wa vita!" Safari hii umetoka kwa mtu mwenye leseni ya urubani. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Bingwa alikuwa, tena kweli. Wa baiskeli. Mwaka 1906 alitwaa ubingwa wa Ufaransa wa wanafunzi, akishindana kwa jina la Danlor, yaani Roland iliyovurugwa herufi. Raga pia alicheza. Alizaliwa Saint-Denis, kisiwani Réunion, huku huku kwetu Bahari ya Hindi, 6 Oktoba 1888. Uwanja wa tenisi ulijengwa 1928 kwa sababu mwaka uliotangulia Wafaransa walikuwa wamewanyang'anya Wamarekani Kombe la Davis, kombe la tenisi la mataifa, wakahitaji mahali pa kulitetea. Émile Lesieur wa klabu ya Stade Français, aliyekuwa amesoma na Garros, alishikilia kwamba jina la rafiki yake liwekwe. Hayo yamekwisha.

Wala Vita Kuu ya Kwanza havikumkuta akitafuta kazi. Aliona ndege kwenye maonyesho ya Reims mwaka 1909, akaziacha biashara za magari. Mwaka 1912 alifika mita 5,610 angani, rekodi ya dunia wakati huo. Tarehe 23 Septemba 1913 aliondoka Fréjus, akavuka Bahari ya Mediterania peke yake, akatua Bizerte, Tunisia, baada ya karibu saa nane. Injini moja, redio hakuna. Leo abiria wangu wakipanda ndege ya injini moja kwenda Unguja, dakika ishirini tu, nusu yao wanasoma dua.

Sasa tuje kwenye kinachonikera hasa. Hata wale wanaojua kwamba alikuwa rubani wanasema "alibuni bunduki inayopiga katikati ya propela bila kuigusa." Hapana, jamani. Bunduki yake iliigusa propela. Ndiyo maana ya zile kabari za chuma za kwenye propela, nitakazozieleza.

Piga hesabu. Propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, panga linapita mbele ya mdomo wa bunduki mara 40 kila sekunde. Kuna njia mbili za kuishi na hali hiyo. Ya kwanza ni kuoanisha: injini yenyewe iiruhusu bunduki kufyatua pale tu njia ikiwa wazi. Raymond Saulnier, wa kiwanda cha ndege cha Morane-Saulnier, alikuwa na mtambo wa namna hiyo tangu 1914. Ulimshinda, na tatizo halikuwa mtambo peke yake. Bolti ya rashasha ya Hotchkiss waliyoitumia, yaani kipande kinachoisukuma risasi ndani, huanzia nyuma, kwa hiyo kati ya kuamriwa na kulipuka kuna muda unaoyumba. Risasi zenyewe hazikuwa sawa. Moja inalipuka papo hapo, jirani yake inasitasita. Ukiwa umelala handakini kusitasita huko hukuoni. Kwenye propela, risasi iliyochelewa inalikuta panga.

Njia ya pili ni ya kifundi zaidi, na nakiri naipenda kuliko inavyostahili: acha zinazopita zipite, zitakazogonga zigonge chuma. Garros, Saulnier na fundi Jules Hue wakafunga kabari za chuma nyuma ya mapanga, pale njia ya risasi ilipokatiza, ili risasi iteleze pembeni. Propela ikapoteza nguvu, na kila risasi iliyogonga ilikuwa kishindo.

Hapo waandishi wengi wanasema kishindo kiliivunja krankishafti, mhimili mkuu wa injini, kwa kuizungusha vibaya. Someni aina ya injini kwanza! Ilikuwa ya rotari. Krankishafti imesimama, silinda ndizo zinazozunguka, na propela imefungwa kwenye mwili wa injini. Madhara yapo, ila yanapitia kwenye bearingi na kwenye bolti za propela, na fundi yeyote angeanza kukagua huko.

Ilifanya kazi. Kati ya 1 na 18 Aprili 1915 aliangusha ndege tatu akitumia Morane-Saulnier aina ya L. Tarehe 18 hiyo hiyo akashuka Ubelgiji, eneo la Wajerumani, akajaribu kuichoma ndege, haikuungua vya kutosha. Alishushwa na nini? Vitabu vingine vina risasi ya askari wa chini, vingine bomba la mafuta lililoziba. Mimi ningeweka fedha zangu kwenye bomba, lakini huo ni upendeleo wa kifundi, si ushahidi.

Wiki chache baadaye Anthony Fokker, mtengenezaji ndege wa upande wa Wajerumani, akaonyesha bunduki iliyooanishwa kweli. Hadithi kwamba alitazama kabari za Garros akabuni mtambo ndani ya saa 48 siiamini. Kabari haikufundishi kuoanisha; ni vitu viwili tofauti. Na mhandisi Franz Schneider alikuwa na hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) ya wazo hilo Ujerumani tangu 1913. Nadhani ndege ya Garros iliwapa Wajerumani msukumo wa kuharakisha kuliko maarifa mapya, ingawa siwezi kulithibitisha hilo mbele ya hakimu.

Alikaa mateka karibu miaka mitatu. Februari 1918 alitoroka na Anselme Marchal, wote wamevaa kama maofisa wa Kijerumani. Macho yalikuwa yamedhoofika, akahitaji miwani, na bado akarudi angani kwenye ndege ya kivita ya SPAD XIII. Tarehe 2 Oktoba aliangusha ndege nyingine. Tarehe 5 aliuawa karibu na Vouziers, siku moja kabla ya kutimiza miaka 30.

Na hiyo inafanya nne zilizothibitishwa. Wafaransa walihesabu tano ndipo wakuite "as", yaani bingwa wa mapigano ya angani, kwa hiyo msiniletee ile ya "as wa kwanza duniani" pia. Huyo mtafuteni rubani mwenzake Mfaransa, Adolphe Pégoud.