Batani za kijivu haziponi kwa kuweka Windows mpya

Naliandika hili mara moja ili mtu akiuliza tena nimrushie tu. Kompyuta ni mpya, Windows 11, programu inafunguka vizuri ila batani zake ni zile za kijivu zenye kona kali kama enzi za Windows 98. Hapo mteja anasema "fundi niwekee Windows nyingine", na aliyeandika programu anasema ataikompaili upya na Visual Studio ya sasa hivi itakaa sawa. Haitakaa sawa jamani!

Tangu XP ya mwaka 2001, Windows inabeba comctl32.dll mbili (ni faili ya Windows yenye vidhibiti, yaani vipande vya dirisha kama orodha na vichupo). Moja ni 5.82, ipo System32. Nyingine ni toleo la 6, ipo ndani ya folda ya WinSxS, na hiyo ndo inayojua kuchora kwa mandhari ya kisasa, hadi batani na visanduku vya kuandikia ambavyo zamani vilikuwa vya user32 (faili nyingine ya msingi ya Windows) peke yake. Microsoft hawakutaka kuvuruga programu za watu zilizokuwa zinafanya kazi, kwa hiyo utaratibu ukawa hivi: usipoomba unapewa 5.82, hata kama kompyuta umeitoa dukani leo asubuhi.

Kuomba ni kwa manifesti, faili ndogo ya XML unayoipachika ndani ya exe (faili ya programu yenyewe) kama risosi, yaani data inayobebwa humo ndani, ya aina RT_MANIFEST, namba 1. Humo unasema unategemea Microsoft.Windows.Common-Controls, version 6.0.0.0, publicKeyToken 6595b64144ccf1df, basi. Kwenye Visual C++ hata faili huhitaji, mstari mmoja wa #pragma comment(linker, "/manifestdependency:...") unatosha, ila mradi mtupu wa Win32 haukuwekei wenyewe, ndo maana kukompaili upya peke yake hakubadilishi kitu. Na tafadhali kwenye processorArchitecture weka nyota, "*". Watu wanakopi manifesti ya zamani yenye x86, wanaitia kwenye exe ya biti 64, programu inagoma kufunguka na ujumbe wa "side-by-side configuration is incorrect", halafu napigiwa simu eti kirusi.

Eti unakopi comctl32.dll mpya unaiweka pembeni ya exe. Achana nayo kabisa, toleo la 6 si la kugawa hivyo, linakuja na Windows yenyewe na linapatikana kwa manifesti tu.

Eti kuita funksheni ya InitCommonControlsEx ndo kunaleta muonekano mpya. Hiyo inasajili klasi za vidhibiti, haichagui toleo. Iite hata hivyo, maana kwenye XP ukiwa na manifesti bila kuiita programu ilikuwa inaweza isifunguke kabisa na isikwambie kwa nini.

Eti WinForms (njia ya .NET ya kuunda madirisha) haina shida hii. Inayo, ndo maana kuna Application.EnableVisualStyles(), na lazima uiite kabla hujaunda fomu ya kwanza, siyo ndani ya Load ya fomu kama ninavyokuta kila mara.

Ukikutana na kosa la "ordinal 345" haipo kwenye COMCTL32.dll, ujue ni ugonjwa uleule, programu inaitafuta TaskDialogIndirect (funksheni ya kuonyesha kisanduku cha ujumbe) kwenye 5.82 ambako haipo. Usiinstoli Windows upya.

Fonti nayo ni kesi nyingine. Manifesti haigusi fonti, kwa hiyo batani uliyoiunda kwa CreateWindow itakuwa na umbo jipya na maandishi yaleyale mazito ya kizamani. Chukua lfMessageFont (fonti ambayo Windows inatumia kwenye ujumbe wake) kutoka SystemParametersInfo (SPI_GETNONCLIENTMETRICS) uitume kwa WM_SETFONT kwa kila kidhibiti, mimi programu isiyofanya hivi siipokei. Ukungu wa maandishi kwenye skrini zenye DPI kubwa (nukta nyingi kwa inchi) una mpangilio wake tofauti humohumo kwenye manifesti. Rangi nyeusi ya usiku usiitegemee kwa toleo la 6, na batani ulizozichora mwenyewe kwa owner-draw zitabaki ulivyozichora.