Kichujio cha umeme cha kutengeneza mwenyewe: kazi iko kwenye koili

Redio yangu ya mawimbi mafupi ilianza kuunguruma mpaka stesheni zikamezwa. Kabla ya kununua kipuri chochote niliitia betri, nikazima swichi kuu ya nyumba. Kimya. Nikawasha tena na kuchomoa kifaa kimoja kimoja, hadi nikamnasa mkosaji: chaja ya laptopu.

Chaja ya aina hii huukata umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kelele ya ukataji huo hurudi kwenye nyaya za ukutani, nazo zikageuka antena. Wengi hukimbilia kuweka kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji) kati ya laivu, waya unaoleta umeme, na nyutro, waya unaourudisha. Inasaidia, lakini hukamata tu kelele inayokwenda kwa laivu na kurudi kwa nyutro. Ile inayosumbua redio zaidi mara nyingi hupita kwenye nyaya zote mbili kuelekea upande mmoja, na kapasita hiyo haiigusi.

Dawa yake ni koili. Chukua pete ya feraiti, kauri yenye sifa za sumaku (mchanganyiko namba 31 unafaa sana kwa mawimbi mafupi), uizungushie laivu na nyutro kwa pamoja, mizunguko 10 hivi, kwa waya wenye ganda zima na unene wa kubeba mzigo wako. Umeme wa matumizi huenda na kurudi, kwa hiyo sumaku zake hufutana. Kelele haina wa kuifuta, inakwama. Ukiongeza mizunguko maradufu, kizuizi hukua karibu mara nne, ndiyo maana feraiti ya kubana juu ya waya mara moja tu haifui dafu.

Kwenye kapasita usibahatishe. Kati ya laivu na nyutro: X2 (daraja la usalama la kapasita za kuunga kati ya nyaya hizo), mikrofaradi 0.1. Kati ya kila mmoja na ethi (waya wa ardhini): Y2, daraja la kapasita za kwenda ethi, isizidi nanofaradi 4.7. Kwa volti 230 na hezi 50 hiyo huvujisha miliampea 0.34, ukiweka kubwa zaidi na ethi ikakatika, sanduku la chuma la kichujio litakupiga shoti. Unga rezista ya megaomu 1 sambamba na X2 ili chaji isibaki kwenye pini za plagi, na fyuzi itangulie kwenye laivu.

Mara ya kwanza vipuri vyangu vilikuwa sahihi, kelele ikapita vilevile: waya wa kuingia na wa kutoka nilikuwa nimezifunga pamoja, ikaruka juu kwa juu. Sasa mmoja huingia upande huu, mwingine hutokea ule. Ethi nimeikaza kwa boliti kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, waya wake sentimita 3 tu. Na kisanduku hukaa kando ya chaja, si kando ya redio.