Likizo yako haibaki getini

Karatasi ya malipo ya mwisho huwa fupi: mshahara wa siku ulizofanya mwezi huo, notisi, makato, jumla. Mstari wa likizo ndio unaopenda kuandikwa sifuri. Mfanyakazi anautazama, anakumbuka wenzake walivyomwambia kwamba likizo usipoichukua imekwenda na maji, anatia sahihi. Nilikaa upande wa pili wa meza hiyo, Mombasa, nikiandaa mishahara, na maneno niliyoyasikia pale dirishani yalikuwa yale yale mwaka hadi mwaka. Ninayojibu hapa ni kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, hasa kifungu cha 28.

"Umeacha kazi mwenyewe, unadai nini tena?"

Hili ndilo linalowanyamazisha wengi. Sheria inakupa siku zisizopungua 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kwa kila miezi 12 uliyofanya kazi. Ajira ikikatika katikati ya mwaka baada ya miezi 2 au zaidi mfululizo, kila mwezi uliotimia una siku 1.75. Haiulizi nani amemwandikia mwenziwe barua. Uwe umeacha, umeachishwa au mkataba umeisha, siku hizo umekwisha kuzitolea jasho.

Hata aliyefutwa papo hapo kwa kosa. Kifungu cha 18 kinataka mtu wa namna hiyo alipwe fedha, marupurupu na stahili zake zote hadi siku aliyofutwa. Niliwahi kumsikia meneja mmoja akifoka, "Mwizi naye alipwe likizo?" Ndiyo, bosi. Kama ameiba, kituo cha polisi kipo; likizo aliipata kwa kufika kazini, na huko kufika hakukuwa wizi.

Aliyeondoka ghafla bila notisi ndiye huchanganyikiwa zaidi, kwa sababu hapo kuna madeni mawili yanayopishana. Tuseme mshahara wako ni shilingi 31,200 na mkataba unataka notisi ya mwezi mmoja. Ukitoweka Jumatatu, mwajiri anakudai mwezi huo, 31,200. Wewe unamdai siku 14 za likizo, ambazo kwa hesabu nitakayoonyesha chini ni 16,800. Likizo yako haikupotea, ila imemezwa na deni kubwa zaidi. Ndiyo maana mtu hutoka mikono mitupu akaapa kwamba amedhulumiwa likizo, kumbe ni notisi iliyomkaba.

"Ulikuwa bado kwenye majaribio."

Kifungu cha 28 hakitaji majaribio, kinahesabu miezi. Ukiondoka baada ya miezi 5, chukua 5 mara 1.75, upate siku 8.75. Basi.

"Yaya hana likizo, hatukuandikiana chochote."

Mkataba wa mdomo ni mkataba. Anayekupikia na kukulelea watoto kwa mshahara wa kila mwezi ni mfanyakazi mbele ya sheria hii, sawa na karani wa benki. Na pasipo na maandishi, mzigo humrudia mwajiri: yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba walikubaliana vingine. Wanaosema "lakini Krismasi huwa namruhusu aende kwao" wajiulize kama siku hizo zilikuwa na mshahara, na kama kuna mahali zilipoandikwa.

"Gawa mshahara kwa 30, zidisha kwa siku zilizobaki."

Hapa tutulie kidogo, maana pesa nyingi huvuja bila mtu kusema uongo. Siku 21 za sheria ni siku za kazi. Jumapili yako ya mapumziko haimo, wala sikukuu ya taifa haimo. Sasa ukigawa mshahara kwa 30 umezihesabu Jumapili zote kwenye kigawanyo, kisha unalipa siku ambazo hazina Jumapili ndani yake. Thamani ya siku moja inashuka kimyakimya.

Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki: wiki 52 mara siku 6, gawa kwa miezi 12, unapata 26 kamili. Mshahara wa 31,200 ukiugawa kwa 26, siku moja ni shilingi 1,200. Siku 14 ni 16,800. Ukiugawa kwa 30, siku moja ni 1,040 na jumla 14,560. Tofauti ni 2,240, karibu siku mbili nzima. Kwa anayefanya siku 5 kwa wiki, kigawanyo kinakaribia 22 na siku inapanda zaidi. Majaji wenyewe wametumia 26 katika hukumu nyingine na 30 katika nyingine, kwa hiyo usitegemee kwamba atakayepiga hesabu atachagua kinachokufaa wewe. Mimi nasimama na 26, na sababu ndiyo hiyo ya Jumapili.

Walioko karibu na mpaka, Lunga Lunga au Taveta, hupenda kusema Tanzania ni bora kwa kuwa wao wana siku 28. Ni kweli ni 28, lakini za mfululizo, sikukuu zikiwa ndani. Hizo ni wiki 4. Mkenya wa siku 5 kwa wiki, kwa 21 zake za kazi, anazipita kwa siku moja.

"Tunakulipia NSSF, kwa hiyo huna lolote."

Watu wanachanganya malipo ya utumishi na likizo. Malipo ya utumishi, yale ya kila mwaka uliotumikia, mwanachama wa NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hayapati chini ya kifungu cha 35. Likizo haihusiki na NSSF hata kidogo. Vivyo hivyo likizo ya uzazi: kifungu cha 29 kinasema waziwazi kwamba mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu alikwenda kujifungua.

"Desemba ikipita, imekufa."

Kuna ukweli kidogo humu, na ndio unaoifanya iwe hatari. Sheria inataka sehemu moja, angalau wiki 2 bila kukatizwa, ichukuliwe ndani ya miezi 12 ya kuichuma, na salio ndani ya miezi 18 tangu miezi hiyo iishe. Desemba haitajwi. Lakini aliyerundika likizo ya miaka 7 akitumaini kulipwa yote siku ya kuondoka anacheza kamari; mahakama zimewahi kukubali madai ya namna hiyo, na zimewahi kuyapunguza au kuyakataa. Ukiomba likizo ukanyimwa, hifadhi fomu iliyoandikwa "haijakubaliwa". Karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

"Pesa ya likizo haikatwi kodi."

Inakatwa. Sheria ya Kodi ya Mapato inayataja malipo ya badala ya likizo kuwa mapato ya ajira, kwa hiyo ile 16,800 itapita kwenye PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, kabla haijafika M-Pesa.

"Natia sahihi sasa, nitawashtaki baadaye."

Soma kwanza unachotia sahihi. Kama kuna mstari unaosema umelipwa kila kitu na huna dai lingine, na umesaini kwa hiari yako, Mahakama ya Rufaa imewahi kusimama na mwajiri kwa karatasi kama hiyo. Andika kwa mkono pembeni: "Nimepokea, likizo siku 14 bado." Wahasibu hukasirika, lakini hupokea. Na usikae: muda wa kushtaki ni miaka 3, ila kwa madhara yanayoendelea, yaani yanayojirudia badala ya kutokea mara moja, ni miezi 12 tangu yakome, na wapo mawakili wa waajiri watakaojaribu kuiingiza likizo kwenye huo mfupi. Hesabu miezi 12.

Kabla ya hayo yote, omba rekodi. Kifungu cha 74 kinamlazimisha mwajiri kuweka hesabu ya likizo unayostahili, uliyochukua na iliyobaki. Iombe kwa barua pepe ukiwa bado na anwani ya kazini, na ujitumie nakala kwenye anwani yako mwenyewe. Siku ya kurudisha beji huwa umeshafungiwa.